Mstari wa Mwisho wa Ubao wa Hadwick

Jumamosi, 24 Mei

Likizo imeanza. Wiki mbili kamili bila kupima zulia la mtu! Mke wangu, Rosalind, alitaka twende baharini. Nikamweleza kwamba bahari ilikuwepo na itaendelea kuwepo, lakini ubao umebakiwa na mstari mmoja tu. Akasema sawa, baharini atakwenda na dada yake wiki ya pili, na mimi nikae nyumbani nimuoe ubao.

Niliandike jambo lenyewe vizuri, nisije nikasoma siku nyingine nikadhani nilitia chumvi. Katika kibanda cha watazamaji ndege hapa Ziwa la Hadwick (zamani lilikuwa shimo la kuchimbia kokoto, ila hatupendi kukumbushwa) kuna ubao wa mwaloni. Kila aina ya ndege aliyewahi kuonekana hapa imeandikwa humo kwa rangi nyeupe, na pembeni jina la aliyemwona wa kwanza. Aina mia moja tisini na tisa. Barry Ottaway ana majina kumi na manne. Mimi nimekuja hapa miaka ishirini na miwili, jua na mvua, hasa mvua. Majina yangu ubaoni: hakuna. Mwaka 2011 ndege wa mia na themanini alipita juu ya ziwa nikiwa chooni. Barry ndiye aliyekuwa anagonga mlango ili niwahi.

Jumapili ya tarehe mosi Juni ubao unafungwa rasmi, kwa chai na keki. Wa mia mbili akipatikana, vizuri. Asipopatikana, mstari utabaki mtupu, ubao utahamia ukumbi wa kijiji, na sisi tutaanza ubao mwingine. Ameamua hivyo Bi Winifred Aske, msajili wetu, miaka themanini na mmoja, mfamasia mstaafu. Majina yote kayaandika yeye kwa mkono wake. Kanuni yake kuu: kisichoandikwa kwenye daftari la kibanda, kwa wino, siku ile ile, kabla hujavuka mlango, hakikuonekana.

Siku nane. Nina darubini, nina viatu vipya, nina ari. Leo: bata.

Jumapili, 25 Mei

Mpango wa kwanza: kumtangulia Barry. Nilifika kibandani saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Barry alikuwa ndani. Akaniuliza vipi mzee, godoro limekufukuza? Alikuwa amemimina chai vikombe viwili. Cha pili kilikuwa changu. Hilo ndilo tatizo la Barry. Huwezi hata kumchukia kwa raha.

Mpango wa pili ulizaliwa papo hapo. Nikamwambia, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba kwenye kituo cha mafuta nimesikia kuna furukombe anavua samaki kwenye bwawa la Stanmere, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Hakuna aliyesema hivyo. Hata kituo cha mafuta sikupita. Barry aliacha mkate wake na jibini ndani na kukimbia.

Nikabaki na ziwa zima. Saa sita nzima! Kukuziwa thelathini na wanane. Bata sitini. Mnandi mmoja, amesimama juu ya gogo na mabawa wazi kama mtu anayepekuliwa uwanja wa ndege. Nikala mkate wa Barry.

Jioni akaja nyumbani. Furukombe hakumwona. Lakini pale pale, wakati anamtafuta, akatua korongo mweusi! Wa kwanza Stanmere kwa miaka thelathini. Alikuwa na picha arobaini. Amemwambia kila mtu kwamba sifa ni zangu, bila mimi asingekwenda. Ametuletea keki ya ndimu. Rosalind akala vipande viwili, akasema nina bahati kuwa na rafiki kama yule. Mimi nilikula vitatu, kwa hasira.

Jumatatu, 26 Mei

Sikukuu. Nusu ya kijiji iko ziwani, na mbwa wao wote wako ndani ya maji. Bi Winifred akaniambia nisinune kama mtoto, kwa kuwa kusajili viumbe si ndege peke yao. "Kahesabu kereng'ende, kijana." Nina miaka hamsini na saba.

Kereng'ende wa buluu sitini na watatu, wa kijani tisa. Mmoja nikamfuata ukingoni mwa matete nione kama ana alama nyeusi mkiani. Alama ilikuwepo. Ukingo haukuwepo. Maji yakanifika kwapani. Familia iliyokuwa inachoma soseji ilinipigia makofi. Barry akanivuta kwa kunipa mguu wa darubini yake kubwa nishike, akaniuliza kwanza kama alama niliiona. Nikamwambia niliiona. Akafurahi kweli kweli. Wa kwanza mwaka huu.

Kamera yangu na simu vyote vimelala ndani ya bakuli la mchele mkavu kwenye kabati la Rosalind. Rosalind anauliza Alhamisi tutakula nini na kuku.

Jumatano, 28 Mei

Nimemwona! NIMEMWONA!

Nitulie. Niandike kwa mpangilio.

Barry alikuwa kwa daktari wa meno mpaka adhuhuri. Kibandani peke yangu. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, juu ya waya wa uzio, mbele ya ukuta wa mchanga: koo la njano kama kiini cha yai, mgongo wa rangi ya matofali, tumbo la buluu-kijani. Keremkerem! Ndege wa nchi za joto, anayefika huku kwetu kwa kupitiwa tu, kama abiria aliyesinzia akapita kituo chake. Alimkamata nyuki, akampigapiga kwenye waya kuondoa mwiba, akameza, akanitazama. Nikatazama nyuma ya mlango. Hakuna mtu. Keremkerem wa kwanza Hadwick. Wa mia mbili. Wangu!

Niliinua darubini kwa pupa hata ikanigonga pua.

Kisha nikafikiri. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika, lakini leo nilifikiri vizuri. Bila picha, kamati ya kaunti inataka shahidi wa pili. Kamera iko kwenye mchele. Nikiandika daftarini na kukimbilia nyumbani, Barry atakuja na mdomo wake wa ganzi, atasoma, atapiga picha mia, na ubao utasema Ottaway na Tapsell. Kugawana! Baada ya miaka ishirini na miwili! Nisipoandika chochote kabisa, Bi Winifred atauliza kwa nini nilikuwepo na sikuandika. Basi nikaandika hivi, neno kwa neno, ili kila mtu abaki nyumbani kwake:

"Kukuziwa 41. Bata wengi. Upepo. Hakuna kipya. Haifai mtu kupoteza muda wake hapa leo. N. Tapsell."

Mpango ulikuwa nirudi na kamera, nipige picha, halafu niandike mstari wa pili: "Baadaye, keremkerem." Safi. Hauna tundu.

Nilikwenda na kurudi kwa dakika thelathini na tano, kamera ikimwaga punje za mchele njia nzima. Waya mtupu. Na kibandani, Barry. Daktari alimaliza mapema. Shavu moja limevimba kama andazi, na daftari liko mkononi mwake. Akaniuliza kwa upande mmoja wa mdomo kama ni kweli leo hakuna kitu. Nikamjibu hakuna kitu hata kidogo, kaka, nenda kalale. Akautazama ule mstari wangu kwa muda mrefu, kisha akaketi.

Nimemsimulia Rosalind yote. Ameuliza kwa nini sikuandika tu kwamba nimemwona. Hana akili ya mikakati.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua. Barry amekaa siku nzima kibandani akiutazama ukuta wa mchanga. Ziwa lote lile, yeye kapenda ukuta wa mchanga! Ndege hakuonekana.

Nimepata wazo. Baada ya "Hakuna kipya" kulibaki nafasi ndogo mpaka ukingoni mwa ukurasa, kwa kuwa "Haifai" niliianza mstari wa chini. Inatosha kwa maneno mawili: "isipokuwa keremkerem." Wino uleule, mkono uleule, hakuna uongo wowote, ni kusahihisha tu. Nikasubiri Barry aende chooni. Akakaa saa nne bila kwenda. Huyu mtu ana kibofu cha ngamia. Hatimaye akatoka. Nikafungua daftari.

Barry, kama kawaida yake kila jioni, alikuwa ameifunga siku kwa rula: mstari mwekundu ulionyooka, kuanzia kwenye nukta yangu mpaka ukingoni. Chini ya yote, sahihi ya Bi Winifred. Angeweka kufuli ingekuwa nafuu.

Chakula cha jioni: kuku, na viazi.

Ijumaa, 30 Mei

Saa mbili asubuhi simu ya nyumbani ililia. Barry. Alikuwa anahema. Alisema nije haraka, ameniita mimi wa kwanza kabla ya mtu yeyote, yupo kwenye waya, keremkerem, wa mia mbili! Nikasema "Loo!" Nadhani niliisema vizuri.

Nilipofika watu walikuwa ishirini. Saa nne walikuwa sitini, darubini zimepangwa kama mizinga. Barry alikuwa na picha, Bi Winifred na kofia yake ya sherehe, ndege na nyuki wake. Nikatazama, nikashangaa, nikampa Barry mkono. Nilijifinya paja nisilie. Ilikuwa inakwenda vizuri.

Kisha akaja Rosalind na kapu la mikate. Mke wangu hajawahi kuja ziwani tangu 2014. Leo akaja, kwa huruma. Akatazama waya, akasema kwa sauti ya mtu anayeita mtoto ng'ambo ya barabara: "Aa, mzuri kweli! Ndiye yule wako wa Jumatano, Nigel?"

Watu sitini wakageuka. Hata ndege aligeuka.

Bi Winifred aliirekebisha kofia yake. Akaingia kibandani, akatoka na daftari, akavaa miwani na kusoma kwa sauti: hakuna kipya, haifai mtu kupoteza muda wake. Kisha: "Bwana Tapsell?"

Njia zilikuwa mbili. Ama nilimwona nikamjua nikaandika uongo, ama nilimwona nisimjue. Mwongo au mjinga. Nilikuwa na sekunde tatu. Nikasema nilidhani ni mdiria.

Mdiria, yule mvuvi wa buluu anayejulikana na kila mtoto wa chekechea! Mwanamume mmoja asiyenijua alivua kofia. Mama mmoja alinipa biskuti. Mtu mwingine alimnong'oneza mwenzake kwamba huenda ni dalili za mwanzo, babake naye alianza hivyohivyo. Barry akanishika bega, akasema inatokea, mzee, inatokea. Haijawahi kutokea. Katika historia ya darubini haijawahi kutokea.

Njiani kurudi Rosalind akaniuliza mdiria ndiye yupi.

Jumamosi, 31 Mei

Sikutoka kitandani mpaka saa tatu. Barry akaja. Rosalind akamleta mpaka chumbani, akaketi kwenye kiti chenye nguo zangu.

Akasema anajua sikudhani ni mdiria. Alijua tangu Jumatano. Nikamuuliza alijuaje. Akacheka, akashika shavu kwa maumivu. "Nigel, ndugu yangu, miaka ishirini na miwili nasoma maandishi yako. Ukiona mbayuwayu unaweka alama mbili za mshangao. Ukiona chura unachora picha. Leo useme watu wasipoteze muda? Nikajua pana kitu kikubwa kama tembo. Kisha ukaingia na kamera, macho yako kwenye waya wa ukuta wa mchanga." Ndiyo maana alikaa siku mbili mbele ya ukuta wa mchanga. Na ndiyo maana jana, kabla hajaniita, kabla Rosalind hajafungua kinywa, aliandika daftarini kwa wino: "Keremkerem mmoja. Nimeelekezwa na N. Tapsell." Bi Winifred aliliona hilo jioni, wakati wa kuifunga siku.

Nilitaka kusema kitu. Kilichotoka ni chafya.

Bi Winifred mwenyewe akapiga simu saa sita. Daftari linasema nilimwelekeza Barry. Mimi nimesema mbele ya watu sitini nilidhani ni mdiria. Aliyedhani ni mdiria hawezi kumwelekeza mtu kwa keremkerem. Kimoja ni uongo, na yeye hawezi kuandika uongo kwenye mwaloni. Nikitaka jina langu liende ubaoni, nimletee kweli kwa maandishi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Lakini nijue kanuni: anayeandika uongo daftarini haligusi tena kwa mwezi mzima. Alichokiona mwezi huo hakikuonekana.

Kwa hiyo: mjinga bila jina, au mwongo mwenye jina. Nilizunguka bustani mara tisa. Miaka yote hii nilitaka kitu kimoja tu, mtu asiyenijua aingie kile kibanda siku ya mvua, asome, ajue kwamba nilikuwepo.

Nikaandika kurasa nne. Kulikuwa na sehemu kuhusu upepo, sehemu kuhusu mchele, na sehemu kuhusu utoto wangu. Rosalind akasoma, akachukua karatasi mpya, akaandika: "Nilimwona, nikamjua, nikaficha." Akanipa kalamu nitie sahihi.

Bi Winifred alisoma akiwa amesimama mlangoni kwake. Akasema ndiyo sentensi bora niliyowahi kumwandikia. Sikumwambia si yangu.

Jumapili, 1 Juni

Chai, keki tatu, mvua nyepesi. Keremkerem ameondoka, na amefanya vyema, mbwa walikuwa wengi. Bi Winifred akapanda ngazi ndogo, brashi mkononi, Barry akimshikilia. Akaandika: 200. Keremkerem. B. Ottaway na

Hapo mstari ukaisha. Ubao umekwisha, fremu imeanza. Bi Winifred akatafakari, akauma brashi, kisha akageuza mkono na kulipandisha jina langu juu, wima, ubavuni mwa fremu, herufi ndogo ndogo, mpaka karibu na ndege wa mia na tisini na nne.

Ukiinamisha shingo kwenye bega la kushoto unalisoma vizuri sana.

Watu wote waliinamisha. Rosalind aliinamisha muda mrefu kuliko wengine, akasoma kwa sauti, akafuta kitu kwenye jicho, akasema ni rangi. Barry akanikumbatia. Nilimwambia Barry mbele ya wote kwamba yeye ni mtu mwema na mimi nimejifunza. Kuficha ndege ni upumbavu. Raha ya ndege ni kugawana. Watu wakapiga makofi, na safari hii nilikuwa mkavu.

Leo nimebadilika. Naandika hivi ili nishuhudie.

Jumatatu, 2 Juni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nilikwenda kulitazama jina langu tu, kabla ubao wa zamani haujahamishiwa ukumbini. Daftari sikuligusa, nimefungiwa mpaka tarehe mosi Julai. Ubao mpya umeshawekwa, mweupe, mtupu, unanuka rangi. Mstari wa kwanza kabisa una namba: 201.

Nikatazama nje. Kwenye nyasi za maegesho ya magari, hatua kumi kutoka kwangu, hudihudi.

Hudihudi! Rangi ya waridi, mabawa ya pundamilia, na kile kishungi kichwani anakifungua na kukifunga kama mtu asiyejua avae kofia gani. Hayumo kwenye mia mbili. Nimeusoma ubao mara mbili, na shingo imeinama.

Nimefikiri kwa utulivu. Mimi siwezi kuandika. Akiandika mwingine, jina lake litakuwa la kwanza kwenye ubao mpya, juu kabisa, limelala vizuri, kwa mapana yake yote. Kwa hiyo ndege huyu anatakiwa asionekane na mtu kwa siku ishirini na tisa, kisha aonekane na mimi. Linawezekana. Anapenda funza. Nimenunua ndoo mbili kwenye duka la wavuvi na kuzimwaga nyuma ya choo, ambako hakuna anayetazama. Amehamia huko. Amekula kama harusini. Na maegesho nimeyafunga kwa kamba na kibao: "Nyasi mpya."

Saa mbili Barry akapiga simu. Simu yangu imepona, ingawa bado inanuka mchele. Aliuliza kuna nini ziwani leo. Nikamwambia hakuna kitu. Bata tu. Asijisumbue kabisa, apumzishe jino lake.

Akauliza kwa nini nanong'ona.

Nikasema ni mafua. Akasema haya mzee, ugua pole. Kisha nikasikia funguo, na mlango wa gari lake ukifungwa. Sijui anakwenda wapi asubuhi yote hii.